Wamefika Tanzania, wakakuta simba

"Mama njoo! Mama wanakuja kwetu!"

Nilikuwa jikoni namenya ndizi, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mikono imejaa utomvu, na binti yangu wa miaka saba ananiita kwa ile sauti ya mtu aliyeona gari la wageni linaingia getini. Nikajifuta kwenye khanga nikaenda. Kwenye tivii kuna katuni, kigari cha Santa kimeangukia nyikani, na mtoto amesimama katikati ya sebule ananyoosha kidole mpaka kinakaribia kugusa kioo. "Ni Tanzania hiyo! Serengeti hiyo mama, tumesoma!"

Nikakaa kwenye mkono wa kochi.

Wakatokea simba.

Tukasubiri. Simba, majani, waliomo kwenye kigari wanahangaika wasigeuzwe chakula, mwisho wakaponea chupuchupu wakaenda zao. Ndo hivyo. Tanzania ikawa imeisha.

Binti yangu alibaki amesimama palepale ila mkono umeshuka. Akauliza mbona hawajaja Moshi. Nikamwambia labda wana haraka. Akafikiria kidogo, akasema, "Lakini huku ndo kuna watoto."

Nikarudi kwenye ndizi zangu nikidhani yameisha. Hiyo ilikuwa Desemba. Sasa hivi tunaelekea mwisho wa Januari, ada nimelipa nusu, nusu nyingine namkwepa mhasibu, na hiyo sentensi ya mtoto bado inanifuata mpaka kwenye daladala.

Kwa ambao hamjaiona

Inaitwa Arthur Christmas, ya mwaka 2011, kazi ya Aardman, wale jamaa wa Bristol waliotuletea Shaun the Sheep. Kijana wa kibanda cha muvi pale Mbuyuni alitujazia kwenye flash pamoja na nyingine tano, zote za theluji, nadhani aliona neno Christmas akamimina tu.

Kifupi, Santa wa siku hizi hatumii tena kigari cha kulungu. Ana chombo cha kupaa kikubwa kama mtaa mzima, ana jeshi la wasaidizi wadogo, ana kompyuta, na mtoto wake mkubwa Steve ndo anaendesha oparesheni yote kama jenerali. Zawadi za dunia nzima zinagawiwa usiku mmoja. Kazi imeisha, watu washaanza kupongezana, ndo inagundulika kuna baiskeli moja imebaki. Ya mtoto mmoja anaitwa Gwen, kule Cornwall, Uingereza. Steve anaona mmoja kati ya wote hao si kitu, hesabu imekaa vizuri. Santa mwenyewe kachoka, huu ni msimu wake wa 70, anaenda kulala. Anayekosa usingizi ni mdogo mtu, Arthur, yule wa chumba cha barua, mwoga wa kupaa, mwoga hata wa kulungu wenyewe. Yeye na babu yake mwenye miaka 136 wanatoa kigari cha zamani kilichofichwa, wanabeba baiskeli, na kupotea kwao njiani ndo kunawaleta kwetu kwa simba.

Nilimuuliza binti yangu amejifunza nini, si unajua sisi wazazi, hatuwezi kumwacha mtoto acheke bila kumdai fundisho. Akasema, "Nimejifunza ukipotea usishuke kwenye simba."

Sikuwa na la kuongeza.

Hasira

Kwanza niliudhika, na niliudhika kizalendo kabisa. Yaani katuni nzima inalia mtoto mmoja asisahaulike, mmoja tu, watu wasilale mpaka apate baiskeli yake, halafu haohao wanapita kwenye nchi yenye mamilioni ya watoto wanaona simba. Na mtu asiniambie Serengeti haina watu kwa hiyo ni sawa. Mle ndani haina vijiji kwa sababu mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wanaishi huko walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Kwa hiyo hata ile nyika tupu ya kwenye katuni, utupu wake una historia, palikuwa na watoto pale na walikuwa wanachunga.

Binti yangu naye ana jiografia yake. Kwa mtoto wa Moshi kaskazini ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ukisimama uwani kwetu ukaangalia kaskazini unaona mlima, mita 5,895, na barafu yake iliyobaki juu, sasa mtoto akisikia Santa anakaa kaskazini kwenye theluji unadhani atafikiria wapi? Kwake yeye haikuwa ajabu Santa kuwepo Tanzania. Ajabu ni kwamba kapita karibu na nyumbani kwake mwenyewe asisimame.

Nikaanza kuandika makala ya hasira. Niliandika kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya benki, maneno makali haswa, jioni nikamsomea mume wangu. Akacheka. "Hao walipotea bana. Hawakuja kutembea."

Na kweli. Wamepotea mabara matatu, hawakutupita sisi tu. Nikafuta sentensi moja, nikafuta na ya pili, mwisho makala yote ikawa imeisha ila kitu chenyewe kikabaki, kama unyuzi wa nyama kwenye jino, ulimi unaurudia wenyewe hata ukiwa unaongea na watu.

Tisheti 43

Mnaojua Desemba ya huku sihitaji kuwaelezea. Watu wanapanda kutoka Dar, wa mabasi, wa magari yao, wengine na treni tangu irudi Moshi mwaka 2019, na siku hizi kila ukoo unaojiheshimu una tisheti zake. Na sisi tumo. Wakwe zangu walinipa ukatibu kwa sababu moja tu, najua Excel. Kwa hiyo kuanzia Novemba mimi ndo nasumbua kwenye grupu la WhatsApp, tuma jina, tuma saizi, tuma elfu kumi na mbili. Jina la mtu linachapwa mgongoni, hiyo ndo raha yenyewe kwa watoto. Na najua inavyouma ikikosewa, mwaka wangu wa kwanza pale ukweni jina langu lilichapwa kimakosa nikanuna mpaka mwaka mpya. Safari hii nilisema nitahakiki kila herufi. Kuna shemeji alibadilisha saizi mara nne. Kuna mtoto alizaliwa wiki mbili kabla ya sikukuu naye akachapiwa, kitisheti kama cha mdoli.

Zilipotoka kwa mchapaji nilizimwaga sakafuni nikahesabu moja moja natiki kwenye karatasi. Zikatimia 43. Nikapiga picha lile rundo nikatuma kwenye grupu, nikaandika: Hakuna aliyesahaulika. Na vikopa vyekundu vitatu.

"Si yule pale"

Siku yenyewe kule Kibosho, ukweni, ilikuwa nzuri, sina haja ya kuipamba. Nyama ilikuwepo, mbege ilikuwepo, ugomvi mdogo wa nani kapaki gari vibaya ulikuwepo.

Saa kumi na moja kasoro mlima ukafunguka, kila mtu akakumbuka picha. Mzee akaletewa kiti akawekwa katikati, sisi wengine tukajipanga kwenye majani kama kwaya, wote kijani ileile. Shemeji mmoja wa Dar kabaki ameshika simu, naye anataka kuingia, anauliza sasa nani atatupiga.

Niliyejibu ni mimi. Kwa mdomo wangu huu.

"Si yule pale, hana tisheti."

Yule pale ni mtoto wa kaka wa kazi, yule anayeangalia ng'ombe na shamba la mzee. Ana miaka tisa. Anaishi pale na wazazi wake mwaka mzima, zile wiki zote ambazo sisi hatupo.

Akaja mbio, akajifuta mikono kwenye kaptula, akapokea simu. Na anajua, dah. Akarudi nyuma, akachuchumaa, akasimama, akahama kidogo kulia. Kuna mtoto wa wifi yangu alikuwa mwisho kabisa pembeni, anachezea jani, huyu kijana akamwambia mara tatu, "Wewe wa mwisho sogea ndani, unakatika." Hakubonyeza mpaka yule mtoto aliposogea. Akapiga kadhaa. Shemeji akampa elfu mbili, tukasema asante, tukarudi kwenye nyama.

Sikuona kitu. Nataka hilo lieleweke kwa sababu watu wakisimulia mambo kama haya hujifanya waliumia palepale. Mimi sikuumia. Nililala vizuri kabisa.

Kivuli

Wiki ya pili ya Januari nilikuwa nachagua picha ya kusafisha, iwekwe fremu, mzee apelekewe. Nikawa naikuza kwenye simu kuhakiki kama sura zote zinaonekana. Ukatibu ukikuingia haukutoki.

Chini kwenye majani, mbele ya miguu ya watoto waliokaa, kuna kivuli. Kichwa kidogo, na viwiko viwili vimechomoza huku na huku kama masikio ya sufuria.

Jua lilikuwa nyuma yake.

*Lakini huku ndo kuna watoto.* Ilinijia hivyohivyo, na sauti yake.

Utetezi, na mahali ulipokwama

Nilijitetea sana. Nikajiambia tisheti ni za ukoo na yeye si wa ukoo. Halafu nikakumbuka mchumba wa shemeji yangu mdogo, wamejuana Agosti, alichapiwa, na jina mgongoni. Nikajiambia basi familia yao haipo kwenye grupu, saizi ningeijulia wapi. Hapo ndo nilipokwama. Kila Jumapili nikipiga simu ya mzee anayepokea ni huyo mtoto, maana mzee hasikii vizuri. Yeye ndo ananiambia babu amekula, babu amekunywa dawa ya presha, babu anasema ukija leta betri za redio. Kwa mwaka naongea naye kuliko ninavyoongea na nusu ya wale 43. Ningemuuliza yeye mwenyewe, unavaa ngapi. Sekunde tano.

Nikairudia katuni usiku, watoto wamelala, mume wangu ananiuliza kama niko sawa.

Mara ya kwanza Steve nilimwona adui. Mara ya pili nikaona kumbe ndo mchapakazi kuliko wote pale, bila yeye hakuna zawadi hata moja inayofika, baba mtu amebaki jina tu. Ana mpango, na anaamini mpango ukikamilika basi na watoto wamekamilika. Nilimtazama nikajiona mimi na Excel yangu. Na Arthur nikamwona tofauti pia. Nilidhani moyo wake ni mkubwa kuliko wa wenzake, hivyo tu, mtu kazaliwa nao. Lakini kumbe alishasoma barua ya Gwen na alimjibu. Alishamsikia. Mtu uliyemsikia huwezi kumrudisha kuwa namba, na hapo ndo nikazidi kuona aibu kwa sababu mimi nimemsikia huyu mtoto Jumapili hadi Jumapili na nimeweza.

Halafu kuna kitu nilikaa nacho siku kadhaa, mpaka sasa sijui kama nakisema vizuri. Gwen alikuwa kwenye orodha. Ndo maana baiskeli yake ilionekana imebaki, ndo maana kukawa na muvi. Kitu kilibaki stoo kikapiga kelele. Mimi hakuna kilichobaki. Tisheti 43, watu 43, sakafu ikawa nyeupe. Aliyesahaulika anaacha pengo, mtu ataliona siku moja, ila ambaye hakuandikwa kabisa haachi chochote, hesabu inafunga vizuri kabisa bila yeye na katibu anatuma vikopa. Nadhani hicho ndo kilichonichoma kwa wale simba na nikashindwa kukitaja, nikaita uzalendo. Binti yangu hakuuliza mbona tumesahaulika. Aliuliza mbona hatumo.

Na mimi nilikuwa na hasira na watu wa Bristol.

Tisheti ya 44

Wazo la kwanza, kama mnavyodhani, nikachape ya 44. Nikaandika kwenye grupu, jamani kuna hivi na hivi, tumemsahau kijana wa nyumbani. Nikashangaa watu walivyoguswa. Ndani ya dakika kumi watu wameahidi hela, mmoja akasema tisheti ndogo, yeye atanunua viatu vya shule, mwingine akamzidi, baiskeli, kweli kabisa baiskeli, na sidhani kama ameiona hiyo katuni. Wakaanza kubishana nani apeleke. Wifi yangu mmoja akaandika, atakayepeleka amrekodi video akipokea, tuione huku.

Nikaweka simu chini.

Kwenye katuni kuna sehemu Steve naye anaamua kurekebisha, anabeba zawadi kubwa nzuri anaipeleka, anampa mtoto ambaye siye. Na mwishoni wote wanajazana nyumbani kwa Gwen, wanagombea nani aiweke ile zawadi, baba, babu, Steve, mpaka ionekane kwamba Arthur peke yake hajali nani ataiweka, mradi mtoto aamke aikute. Nilicheka sana mara ya kwanza.

Lingine ni lile la alfajiri. Arthur anakimbizana na jua, lazima afike kabla Gwen hajafumbua macho, ili asijue kabisa kwamba kuna saa kadhaa alikuwa amebaki nje. Huyu wa kwetu hakuwa amelala. Alikuwa macho, saa kumi na moja kasoro ya jioni, ameshika simu, anatupanga. Hakuna kigari kitakachofika kabla ya hapo. Ukimpelekea tisheti Januari unamvalisha sare ya sherehe aliyoiangalia kwa nje, na unamwomba atabasamu ili wewe ulale. Au pengine nazidisha, mtoto wa miaka tisa angeifurahia tu akaivaa mpaka ichanike, watoto si kama sisi. Nimegeuzageuza hilo bila jibu. Mume wangu alisema, "Nenda tu kamsalimie, wewe unafikiria sana." Ni kweli nafikiria sana, lakini Desemba nilikuwa sifikirii na mmeona.

Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilipanda Kibosho na binti yangu, tumebeba sukari, mkate na betri za redio. Tisheti sikubeba. Maneno nilikuwa nayo, niliyafanyia mazoezi kwenye Noah kuanzia stendi mpaka tunashuka, nikianza na "unajua mwanangu". Binti yangu akakimbilia kwa babu yake, mimi nikabaki nje namsubiri kijana.

Akatokea anapandisha na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, umemfunika mpaka macho. Akautua. "Shikamoo anti."

Nikaitikia. Nikavuta pumzi nianze.

"Anti, ile picha ilitoka?"

Mwezi mzima na hakuna aliyemwonyesha.

Nikatoa simu nikampa. Akajifuta mikono kwenye kaptula, vilevile kama siku ile, akaishika kwa mikono miwili. "Hii siyo. Hapa babu kafumba macho. Kuna nyingine mbele." Ilikuwepo. Akaikuza, akapita sura moja moja taratibu kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini, mpaka akafika pembeni, kwa yule mtoto wa jani. "Huyu nilimwambia asogee. Ameingia."

Akateremsha kidole chini, kwenye majani. Akanyamaza.

"Kivuli changu kimeharibu," akasema. "Jua lilikuwa nyuma. Ningepanda kwenye ngazi." Akaniangalia. "Anti, si kuna programu ya kufuta?"

Nikamwambia simu yangu haina.

Inayo.